Likizo ya Unguja na Pemba na mtoto msumbufu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa familia zinazokuja visiwani likizo ya Juni, ya Desemba, au wakati wa sikukuu, na kufikia kwa jamaa: kwa bibi Ng'ambo, kwa shangazi Jambiani, kwa mjomba Wete. Anayelala hotelini naye atapata lake humu, ila huyo ana mlango wa kufunga mtoto akianza kupiga kelele. Anayelala kwa watu hana mlango huo, na mtihani wenyewe uko hapo.

Kwa nini nyumbani ni mtoto mzuri, tukivuka maji tu anageuka?

Kwa sababu ndani ya siku moja umemwondolea kila alichokizoea. Ameamshwa saa kumi alfajiri kuwahi boti. Chai amekunywa nusu kikombe. Njiani ametapika, au amekaribia. Amefika, nyumba nzima imemshika mashavu na kila mmoja anamuuliza kama anamkumbuka. Mchana hakulala, wageni wanaingia na kutoka. Usiku amelazwa chumba kimoja na binamu zake wanaochekeshana hadi saa tano.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto wadogo: wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Kabla hujamwita mkorofi, hesabu saa alizolala tangu juzi. Mara nyingi hutafika mwisho wa hesabu kabla hujajua kinachomsumbua.

Jengine ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Mtoto wa miaka minne anayejibwaga chini ukumbini hajapanga kukuaibisha mbele ya wakwe. Hana uwezo huo wa kupanga. Na hili litajirudia humu: vurugu nyingi za likizo hukuzwa na aibu ya mzazi mbele ya jamaa kuliko na utundu wa mtoto.

Siku ya kwanza tumpeleke wapi?

Popote pasipo na nauli. Uani, barazani, dukani kununua boflo. Wenyeji watataka mwende kusalimia nyumba tatu siku hiyo hiyo; omba mwende kesho. Watanuna kidogo, yatapita.

Boti inamtia wazimu. Nifanyeje?

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam hadi Malindi, bandari ya mjini Unguja, huchukua karibu saa mbili, na kichefuchefu cha safari huwashika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Kwa hiyo mtoto anayelia na kukupiga mateke bandarini wakati wa kurudi huenda anakumbuka alivyoumwa wakati wa kuja.

Mkalishe sehemu ya katikati au ya nyuma, kwani mbele ndiko boti inakonesa zaidi. Asitazame simu wala kitabu. Atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Asubuhi mpe kitu kikavu na kidogo, mkate au biskuti, siyo chapati ya mafuta na supu. Nguo ya kubadilisha, mifuko na taulo viwe mkononi mwako, maana begi likishapangwa na mizigo ya watu hulipati tena mpaka mfike.

Msimu nao una lake. Juni hadi Agosti ni kusi, upepo mkali na bahari ya mawimbi. Desemba hadi Februari ni kaskazi: joto kali, lakini safari ya boti mara nyingi ni tulivu zaidi. Kwenda Pemba ni habari nyingine kabisa, kwa sababu mkifika mkondo wa Nungwi hata watu wazima hunyamaza. Kama mtoto wako huumwa sana na mfuko unaruhusu, ndege ndogo ya Unguja hadi Chake Chake ni kama nusu saa tu.

Watu wananiambia nimpe dawa ya mafua alale njia nzima. Ni sawa?

Hapana. Dawa inayoleta usingizi kidogo, ambayo mtu mzima anaimeza bila kufikiri inaweza kumletea mtoto shida ya kupumua, na baadhi ya watoto badala ya kulala huchachamaa. Kama anaumwa na safari kweli kweli, mwone daktari au mfamasia kabla ya siku ya safari, mwambie umri na uzito wake.

Amejigaragaza sokoni Darajani, watu wamesimama wanatazama. Nianzie wapi?

Anzia kwa mwili wake. Mwondoe kwenye jua na kwenye njia ya mikokoteni na pikipiki, hata kama ni kumbeba anapiga mateke. Tafuta kivuli, baraza au ngazi ya duka, umkalishe, ukae naye chini usawa wake. Usimwelezee kitu. Mtoto aliyekwisha kupandwa na hasira hasikii sababu, na kila sentensi unayoongeza ni kelele juu ya kelele. Maneno mawili yanatosha: "Nipo. Nakusubiri." Halafu nyamaza kweli.

Akianza kupumua vizuri, maji kwanza. Dafu likipatikana ni bora zaidi, maana jua la visiwani kati ya saa tano na saa tisa mchana humkausha mtoto haraka. Akishakunywa, ndipo mzungumze, kwa ufupi. Kama chanzo kilikuwa gari la kuchezea uliokataa kununua, usilinunue sasa. Ukilinunua umemfundisha bei yake ni kulala chini dakika kumi, na kesho atalipa bei hiyo hiyo kwa kitu kikubwa zaidi.

Kuhusu wanaotazama: watatazama. Mmoja atasema "maskini, mpe tu", mwingine atasema "huyo kadekezwa". Atatokea na bi mkubwa mmoja atakayemnyooshea mtoto kipande cha embe bila kusema neno, na huyo mpokee. Waliobaki waitikie salamu, uendelee na yako. Hakuna hata mmoja wao atakayekuwepo usiku mtoto akiamka analia.

Ikiwa hayo yanatokea kila mkienda Darajani, basi msiende naye Darajani. Soko halimhitaji.

Jamaa wanasema nimchape, na kama simchapi wao watamchapa.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na mtoto hayumo ndani yake. Ni jambo la watu wazima.

Fanya kazi yake mapema, kwa simu, kabla hamjafunga mizigo. Mpigie mwenye nyumba mwenyewe, usipitishe kwa mtu: "Khalati, tunakuja Inshallah Ijumaa. Huyu mdogo wangu ana hasira za karibu, akichoka hulia sana. Nakuomba akianza uniachie mimi, hata kama ataudhi. Akitulia nitamleta akuombe radhi." Ukilisema hili mapema ni ombi la mtoto kwa mama yake. Ukilisema siku ya tatu, mbele ya watu, mkono wa khalati umeshanyanyuliwa, linakuwa ugomvi.

Mkono ukinyanyuliwa licha ya hayo, simama kati bila kupandisha sauti. "Niwie radhi, bibi, huyu niachie." Mchukue, toka naye. Usitoe hotuba ya malezi sebuleni kwa mtu aliyelea watoto wanane. Atakayekuambia samaki mkunje angali mbichi, usibishane naye kwa methali, hutamshinda. Rudi baadaye, mtoto amelala, ukae naye jikoni ummenyee viazi, umweleze taratibu unavyomlea na kwa nini. Wazee wengi husikia jambo vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi.

Pale panapokuwa na kipigo cha kuumiza, adabu ina mpaka wake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamkinga mtoto na ukatili na mateso, na haimtofautishi anayeumiza kwa ujamaa wake. Mkiona nyumba ni ya namna hiyo, hameni, hata kama ni nyumba ya kulala wageni ya bei ya chini. Lawama mtalipa kidogo kidogo.

Bibi yake anasema mtoto amepata jicho. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa kumcheka. Akitaka kumsomea dua, mwache amsomee. Mtoto anakaa mapajani, mkono wa bibi kichwani, sauti ya chini isiyokatika: wengi hutulia hapo hapo, na bibi pia anatulia, jambo ambalo huenda ulikuwa unalihitaji zaidi. Kataa kwa adabu kitu chochote cha kumpaka machoni, na mafusho ya ubani karibu na mtoto mwenye pumu.

Wakati huo huo mguse mwili. Mtoto aliyegeuka ghafla, aliyekuwa anacheza jana na leo kila kitu kinamliza, huenda ana homa, sikio au koo. Na kama mmetoka bara, usisahau malaria: Zanzibar imeipunguza sana, lakini anaweza kuja nayo kutoka nyumbani. Kipimo cha haraka kwenye kituo cha afya hakichukui muda.

Anasusa chakula cha wenyeji. Aibu naiona mimi.

Mtoto mwenye njaa ni mtoto wa vita, kwa hiyo anza na shibe, aibu ije baadaye. Waambie wapishi mapema anavyokula. Wali mkavu, yai, ndizi mbivu, boflo na chai ya maziwa vipo kila nyumba na havimuudhi mtu. Pweza wa nazi na urojo aonje akitaka, akikataa mle nyie. Usimlazimishe kijiko mbele ya sinia la watu kumi: hata kama angependa hawezi tena, kila jicho liko mdomoni mwake.

Kitu kimoja kinachosaidia kuliko maneno ni kumpa kazi jikoni. Aoshe mchele, achambue bizari, ashike mbuzi ya nazi wakati mkubwa anakuna. Mtoto akishaugusa mchuzi kwa mkono wake, mara nyingi huuonja.

Ubuyu, juisi ya miwa, halua… si ndizo zinazomtia uchizi?

Wazazi wengi wanaamini hivyo, lakini majaribio yaliyochambuliwa kwa pamoja mwaka 1995 na watafiti wa Marekani hayakuona sukari ikibadilisha tabia za watoto. Kinachomchangamsha ni shughuli yenyewe: usiku, taa, binamu, kelele. Punguza sukari kwa ajili ya meno na tumbo. Usitegemee kwamba ukificha ubuyu utapata utulivu.

Tulimwahidi bahari, tumefika Jambiani hakuna maji. Amelia saa nzima.

Ana haki ya kulia. Aliahidiwa bahari, akaonyeshwa mchanga na matope hadi upeo wa macho.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, ina mwamba mbali na ufukwe, na maji yakipwa huondoka masafa marefu. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa muda wa zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo kila siku nyakati zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Kama jana maji yalijaa saa nne asubuhi, leo tegemea kukaribia saa tano. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4, na siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni ndogo zaidi. Mvuvi yeyote atakwambia bila kutazama saa. Muulize kabla hujatoa ahadi, na ahadi yenyewe itaje maji: "Tutaogelea maji yakijaa, baada ya kula." Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo; kwa mtoto asiyeweza kusubiri, huko kunapunguza nusu ya kesi.

Maji yakipwa nako kuna starehe yake, ila ina masharti. Viatu vya mpira miguuni, kwa sababu kwenye madimbwi kuna wale wadudu weusi wa miiba. Akichomwa, mtoe majini, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyastahimili, na kama mwiba umekatikia ndani mpeleke kituo cha afya badala ya kuchokoa kwa pini. Mashamba ya mwani asiyakanyage wala asivute kamba. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na walio wengi ndani yake ni kinamama. Kamba anayoichezea ni kipato cha mtu. Mwambie hivyo hivyo, watoto huelewa habari ya pesa ya mtu kuliko "usiguse!" tupu.

Akiwa majini, mtu mzima mmoja asiye na simu mkononi awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Anayesema "sote tunamwangalia" mara nyingi ana maana hakuna anayemwangalia.

Forodhani usiku anakuwa hashikiki.

Mpeleke mapema, kama saa kumi na moja jioni, mwondoke watu wakianza kujaa baada ya magharibi. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na ina nafasi ya mtoto kukimbia kabla moshi wa mishkaki haujatanda. Hatari yake ni ule ukuta wa baharini: vijana wa mjini huruka pale kwa mikogo, kichwa chini miguu juu, na mtoto msumbufu ndiye wa kwanza kutaka kuiga. Shika mkono, usishike maneno.

Matembezi gani yanafaa kwa mtoto asiyekaa?

Moja kwa siku, na lililo fupi. Msitu wa Jozani ninaupendekeza kwa wengi. Kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, hawajifichi, wanaonekana bila kutembea saa nzima, na kuna habari moja inayomnyamazisha mtoto yeyote: kima hawa hula mkaa. Wanaiba kwenye majiko na matanuri ya watu, kwani majani ya miembe na mikungu wanayoyala yana sumu kidogo na mkaa huisaidia tumbo kuihimili. Mpe kazi ya kumtafuta anayekula mkaa. Asiwakaribie, asiwalishe, na chakula chenu kibaki garini.

Kisiwa cha Changuu ni safari fupi ya mashua kutoka Mji Mkongwe. Kobe wakubwa wa pale ni kizazi cha wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na mwendo wao unamlazimisha hata mtoto wa mbio kupunguza. Mfundishe kumlisha kwa jani refu, vidole viwe mbali na mdomo. Jumba la jela lililojengwa pale mwishoni mwa karne ya 19 likaishia kuwa karantini. Ni historia nzuri kwa wakubwa, wadogo watataka kurudi kwa kobe.

Kizimkazi kufuata pomboo sikushauri kwa mtoto wa namna hii. Mnaamka usiku, mashua ndogo, bahari wazi, mashua kadhaa zinakimbizana, na pomboo wanaweza wasionekane. Msubiri akue.

Wakati wa Idi viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo kwa Unguja na Tibirinzi kwa Chake Chake, vinajaa. Kwa mtoto anayependa watu ni pepo. Kwa mwingine nenda mchana mapema, bembea tatu, mrudi.

Nahofia atapotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe.

Andika namba yako kwa kalamu ya wino mkononi mwake, ndani ya kiwiko. Mfundishe jina lako kamili, kwa sababu "mama" wako wengi. Akipotea asimame pale pale, na kama haoni mtu amwendee mama mwenye watoto, au aliyekaa barazani au mwenye duka. Watu wa baraza wanaujua mtaa wao, habari itakufikia kabla hujamaliza kona mbili. Mkitembea, mtoto awe upande wa ukuta, kwa sababu pikipiki hupita humo humo.

Nimwachie simu ili tupumzike?

Mwachie, kwa kipimo. Mwongozo ule wa 2019 unasema wenye miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku, na chini ya hapo afadhali wasitazame kabisa. Likizoni sitakuhukumu kwa saa moja na nusu. Lakini usiitumie wakati wa hasira, kwa sababu atajifunza njia ya kuipata, na usiitumie nusu saa kabla ya kulala. Ichague saa yake: baada ya chakula cha mchana, jua kali, wakubwa wamejinyoosha. Pakua katuni nyumbani, bando la safarini halitabiriki.

Wa miaka 13 hapigi kelele, amenuna tu. Hata salamu haitikii.

Salamu si ya kujadiliwa. Mwambie hivyo faraghani, siyo mbele ya mjomba. Mengine mwachie nafasi. Umri huo hukasirika kuburutwa, kwa hiyo mpe kitu cha kuongoza. Awe mshika nauli wa familia. Atafute daladala mwenyewe, asome namba, 505 ni ya uwanja wa ndege na kila njia ina yake, aulize kondakta, awapandishe. Aongozane na ami yake mnadani kununua samaki. Ukimpa heshima ya mtu mzima asubuhi, jioni humkuti amejifungia chumbani, au ukimkuta, ni kwa muda mfupi.

Anapigana na binamu zake kila siku.

Watoto wa nyumba wameingiliwa. Mgeni kachukua kitanda, baiskeli, na bibi. Zungumza na mama yao, si na watoto wao. Usilinganishe kwa sauti, "mwone mwenzako alivyotulia" ni kuwasha moto wa pili. Wapeni kazi moja ya pamoja yenye mwisho: kuteka maji, kuokota karafuu zilizodondoka kama mko Pemba wakati wa msimu, kufagia uwanja. Na kila siku wawe na saa ya kutengana. Ndugu wanaopatana hupumzishana.

Mtoto wangu ana usonji. Zanzibar itamshinda?

Si lazima. Mji ndio mzito kwake: vipaza sauti, honi, watu wanaomgusa kichwani bila kumuuliza. Chagua shamba, au vukeni Pemba. Kule kuna nafasi na ukimya. Ufukwe wa Vumawimbi, karibu na msitu wa Ngezi, unaweza kuupata karibu mtupu. Popo wa Pemba wanamvutia mtoto anayependa kutazama kitu kwa muda mrefu, mbawa zao zikitandazwa hufika kama mita 1.6, na Kidike unawaona wakining'inia mitini mchana kweupe.

Mpelekee shuka lake, kikombe chake, na mto. Kabla ya safari mwonyeshe picha za boti, nyumba na watu watakaokuwepo. Adhana ya alfajiri mwelezee mapema, mchezeshee hata kwenye simu kwa sauti ndogo, isije ikamwamsha kwa hofu siku ya kwanza. Kwa jamaa tumia maneno mafupi: "Hapendi kuguswa, msalimie kwa mbali, atakuzoea." Huna deni la kumweleza kila mgeni hali yake.

Ramadhani je?

Mdogo hafungi, na hakuna atakayemlaumu kwa kula. Mlishe ndani kabla ya kutoka, kwa sababu mchana sehemu nyingi za chakula hufungwa. Jua kwamba watu wazima wa nyumba nao wana njaa na subira fupi tangu saa tisa, hivyo saa hizo mtoe nje kidogo. Futari itamrudisha.

Sisi wazazi wenyewe tumeanza kugombana juu yake.

Gawaneni zamu, asubuhi mmoja, jioni mwingine. Aliye zamu ndiye anayeamua. Mwingine hata akiona kosa asubiri usiku. Na kila mmoja apate nusu siku bila mtoto. Baba aliyekwenda kahawa barazani tangu asubuhi ameshaipata yake.

Lini nijue hili si utundu wa likizo tena?

Anapojiumiza mwenyewe, anapoacha kusema au kula kwa siku kadhaa, anaporudia kukojoa kitandani baada ya miaka, anapopiga kelele usingizini kila usiku. Na hasa anapomwogopa mtu mmoja wa nyumbani, anapokataa kubaki naye, anapogeuka baada ya kuachwa naye. Hilo usilifunike kwa ajili ya ujamaa. Muulize faraghani, kwa utulivu, na umwamini. Namba 116 ya msaada kwa mtoto ni ya bure, Bara na Visiwani. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyomo hospitalini, ikiwemo Mnazi Mmoja, vinapokea kesi za unyanyasaji, matibabu na polisi mahali pamoja.

Kama ni hasira tu zisizopungua hata mkirudi kwenu na usingizi wake ukarudi sawa, mpeleke kliniki ya watoto mkieleza kuanzia nyumbani, siyo kuanzia likizo.

Sasa hataki kuondoka. Amemng'ang'ania bibi yake bandarini.

Muagane nyumbani, bibi asifike Malindi. Mwambie mtoto tangu jana yake, siyo asubuhi ile, na mwache achague kitu kimoja cha kuchukua: kifuu, kanga kuukuu ya bibi, chochote kisicho konokono hai. Kama mnaweza, chukueni boti ya mchana, akiwa amelala vya kutosha na ameshakula. Atalia hata hivyo. Mpigie bibi simu ya video jioni hiyo hiyo, kabla ya saa yake ya kulala, na mwulize bibi mbele yake siku atakayokuja kwenu.